Namba Nyeupe, Namba ya Njano na Jina Lililo Kwenye Kadi

Sheria za Tanzania hutenganisha chombo cha usafiri cha matumizi binafsi na chombo cha biashara, na mtumiaji wa kawaida huuona mgawanyo huo kwanza kwenye kibao cha namba. Gari la binafsi hubeba kibao cha rangi ya njano. Teksi, daladala na vyombo vingine vya kukodi hubeba kibao cheupe. Usajili na kadi ya gari ni kazi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Leseni ya kusafirisha abiria kwa malipo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Hizi ni nyaraka mbili tofauti. Mtu aweza kuwa mmiliki halali wa gari kwa mujibu wa kadi, na bado asiwe na ruhusa ya kumtoza abiria nauli.

Mjini Morogoro, hasa Msamvu na maeneo ya stesheni za reli, gari la namba ya njano linalopakia abiria kwa malipo huitwa teksi bubu. Nauli yake mara nyingine huwa nafuu, na sababu haifichiki: mwenye teksi rasmi amelipia leseni ya LATRA, ukaguzi, bima ya gari la biashara na kodi ya mapato. Mwenye teksi bubu ameziruka gharama hizo, au sehemu yake kubwa. Kwa dereva mwenzake huo ni ushindani usio wa haki. Kwa abiria, hatari iko kwenye bima.

Bima ya kumkinga mtu wa tatu ni lazima kwa kila chombo cha moto kinachotembea barabarani. Hata hivyo, bima huandikwa kwa matumizi yaliyotajwa. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likipata ajali huku likibeba abiria waliolipa, kampuni ya bima inaweza kupinga dai kwa hoja kwamba masharti yamevunjwa. Majeruhi atabaki akimdai dereva ambaye pengine hana kitu. Leseni ya udereva nayo ina madaraja: kuendesha gari la abiria wa kulipa kunahitaji daraja C na migawanyiko yake, na daraja la mtu anayeendesha gari lake la nyumbani halitoshi.

Huko milimani mambo hayanyooki hivyo. Mkazi wa Nyandira au Kinole aliye na mgonjwa alfajiri hachagui rangi ya kibao; hupanda gari la kwanza linaloshuka. Magunia ya kabichi, njegere na viazi ya Mgeta nayo hayangoji. Si haki kumlaumu mwananchi huyo kwa upungufu wa magari yenye leseni. Linalowezekana kwake ni kusoma namba ya gari, kumtumia ndugu ujumbe wenye namba hiyo kabla ya safari, na kulipa kwa simu pale inapowezekana, ili kuwe na kumbukumbu ya malipo. Kupewa lifti na jirani bila nauli ni jambo jingine na si biashara.

Tugeukie kodi. Anayeagiza gari kutoka nje hulipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru. Gari lililozidi umri wa miaka 8 huongezewa ushuru wa bidhaa kwa ajili ya uchakavu, na likizidi miaka 10 nyongeza huwa kubwa zaidi. Ndiyo maana gari linaloonekana rahisi kwenye mtandao wa muuzaji wa Japan hufika Morogoro likiwa na bei nyingine kabisa.

Wapo bado watu wanaouliza kuhusu ada ya mwaka ya leseni ya gari. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18, na badala yake ushuru wa shilingi 40 kwa lita ukaongezwa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mabadiliko hayo yaliwaondolea wengi foleni na faini, lakini yalihamisha mzigo. Kwa mfano, dereva wa teksi anayetumia lita 10 kwa siku kwa siku 300 hulipa shilingi 120,000 kwa mwaka kupitia nyongeza hiyo peke yake. Mwenye gari la nyumbani anayetumia lita 40 kwa mwezi hulipa shilingi 19,200. Hata asiye na gari anayewasha kibatari huchangia. Kwa hiyo mtu akikudai leo ada ya mwaka ya leseni ya gari, mwombe akuoneshe kifungu cha sheria na kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali. Usimpe fedha mkononi.

Suala linalostahili uangalifu kuliko yote ni jina lililo kwenye kadi. Vijana wengi wa Matombo, Mkuyuni na mjini huendesha pikipiki au bajaji kwa utaratibu unaoitwa mkataba: tajiri hununua chombo, kijana huleta hesabu kila siku, na muda ukiisha chombo huwa chake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 60. Kijana huyo atakuwa ametoa shilingi 3,600,000. Katika muda wote huo kadi ina jina la tajiri. Tajiri akifariki, warithi huiona pikipiki kama mali ya marehemu. Akiuza, mnunuzi hupewa kadi halali. Akidaiwa, chombo kinaweza kukamatwa kufidia deni lake. Kijana asiye na maandishi hubaki na mashahidi wa kijiweni tu.

Mkataba wa namna hiyo uandikwe na kushuhudiwa na wakili au hakimu. Utaje namba ya usajili, namba ya chasisi na ya injini, jumla ya fedha, nani hulipa bima na leseni, siku za matengenezo na ugonjwa zinahesabiwaje, na nani atalipa gharama za kuhamisha umiliki. Kipengele hiki cha mwisho husahaulika sana, na ndicho huzua ugomvi siku ya kukabidhiana. Kila hesabu iwe na risiti au muamala wa simu.

Anayenunua gari lililotumika apeleke kadi TRA kuthibitisha jina na namba za chasisi na injini kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akisema kadi iko benki, maana yake ni kwamba kuna deni, na malipo yafanyike benki hiyo ikijua. Magari ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP yapo katika mkoa huu. Mengi huingia kwa msamaha wa kodi, na kodi hiyo huweza kudaiwa yanapouzwa kwa mtu asiye na msamaha. Uliza hilo mapema.

Wakati wa kuhamisha umiliki kuna ada pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Kwa gari la shilingi 8,000,000 ushuru huo ni shilingi 80,000. Wengine huandika bei ya 3,000,000 ili kuupunguza. Mbali na kuwa ni udanganyifu, siku gari likibainika kuwa la wizi, mnunuzi atadai kwa karatasi inayosema 3,000,000. Aliyenunua teksi kwa matumizi ya nyumbani aombe pia kubadilishiwa matumizi na kibao, na anayetaka kuigeuza gari lake la nyumbani kuwa teksi afanye hivyo kabla ya kupakia abiria wa kwanza. Malalamiko kuhusu nauli na huduma hupelekwa ofisi ya LATRA ya mkoa, yakiwa na namba ya gari, tarehe, saa na njia ya safari.