Vuka Barabara: Somo la Kupata Chumba Wakati wa Tamasha

Wanachuo wenzangu, sisi wa Elimu tumezoeshwa kuandika andalio la somo kabla ya kuingia darasani. Mada, lengo, hatua, tathmini. Leo nawaletea andalio la somo ambalo mimi mwenyewe nililifeli kwanza, nikarudia mtihani mwaka uliofuata.

Mada: kupata malazi ya bei nafuu wakati mji umefurika wageni. Mfano: Mji Mkongwe wa Unguja, Februari, siku za tamasha la Sauti za Busara. Lengo: mwisho wa somo msomaji aweze kueleza bei ya kitanda inatoka wapi, na achague mapema atailipa kwa kitu gani.

Utangulizi

Nilikuwa mwaka wa kwanza. Boom lilikuwa limetoka wiki ileile, na si unajua boom likitoka kila mtu anakuwa mtalii. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu wa chumbani, na kaka mmoja wa darasa letu, mtu wa Hisabati, mpole, asiyeongea mpaka aulizwe. Safari niliianzisha mimi, kwa hiyo michango nilishika mimi. Mwenzangu wa chumbani hakuwa na mkopo. Pesa yake ilitoka kwa mama yake anayeuza vitumbua Morogoro.

Waliponiuliza tutalala wapi, nilijibu, "Tutapata tu hukohuko." Nililisema neno hilo kantini, nikalirudia bandarini, na tukiwa ndani ya boti nikalisema tena, safari hii kwa ukali kidogo, kama mtu aliyechoshwa na maswali.

Tulishuka Malindi saa kumi alasiri. Gesti ya kwanza, imejaa. Ya pili, imejaa. Ya nne akatokea kijana, wale ambao Unguja wanaitwa papasi, akasema anajua pa kutupeleka. Tulizunguka naye vichochoro mpaka Magharibi inaadhiniwa, tukaishia kwenye gesti moja yenye chumba kimoja kilichobaki. Shilingi 80,000 kwa usiku mmoja.

"Kaka, tupunguzie, sisi wanafunzi," nikamwambia wa mapokezi.

"Dada yangu, njoo wiki ijayo nikupe kwa thelathini. Wiki hii hapana."

Nikalipa. Baada ya kulipa ndipo nikasikia mawili. La kwanza, mvulana haruhusiwi kulala chumba kimoja na wasichana, na chumba kingine hakuna. La pili tuliliona wenyewe: mlango wa chumba chetu ulikuwa umeng'oka kitasa, na komeo la ndani halikuwepo. Nikarudi mapokezi. Pesa ikishaingia hairudi, nikaambiwa.

Kaka yetu wa Hisabati akasema yeye atakaa barazani, nje ya dirisha letu, tukimhitaji tugonge ubao wa dirisha. Usiku kucha nilimsikia akikohoa. Tuliegemeza kitanda mlangoni. Mwenzangu wa chumbani hakunilaumu hata kidogo. Aligeukia ukutani akanyamaza. Na huyo kaka aliyelala kwenye jiwe alikuwa amechangia theluthi ya ile 80,000.

Asubuhi tulikwenda Darajani kutafuta chai. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo alituangalia mabegi yetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyinyi wanafunzi? Mumelala wapi?"

Tukamweleza. Akacheka, si kwa dharau. "Wanangu, wiki hii humo ndani ni kwa wenye dola. Vukeni barabara."

Tukavuka. Ng'ambo, kabla ya adhuhuri, tulikuwa na chumba cha wasichana cha 25,000 chenye feni na komeo la chuma, na chumba kidogo cha kaka cha 15,000.

Maarifa mapya

Kwa nini kitanda cha 30,000 kinakuwa 80,000? Jibu la haraka ni tamaa. Tamaa ipo, lakini haitoshi kueleza.

Tuanze na idadi ya vyumba. Mji Mkongwe ni mdogo, na gesti zake nyingi zimo ndani ya nyumba za kale za mawe na chokaa ambazo zamani zilikuwa makazi ya familia. Nyumba ya namna hiyo ina vyumba vichache. Tena mji wote uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo mwenye gesti hawezi kuamka tu akaongeza ghorofa kwa sababu wageni wameongezeka. Vyumba havizaliani. Wageni ndio wanaozaliana: Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na watu wanaolifuata kutoka bara, Kenya, Ulaya na kwingineko wote wanataka vitanda usiku uleule, karibu na mahali palepale, Ngome Kongwe. Wa Uchumi mnajua kinachofuata ugavi ukisimama na mahitaji yakapanda.

Pili, umbali. Wa Jiografia mnamkumbuka Johann Heinrich von Thünen, Mjerumani aliyeandika mwaka 1826 jinsi thamani ya ardhi inavyopungua kadiri unavyokwenda mbali na soko. Yeye aliandika juu ya mashamba, si gesti, lakini mkimweka Forodhani siku za tamasha atajisikia nyumbani. Soko ni jukwaa. Kila kichochoro unachokiacha nyuma, bei inashuka.

Tatu, ule mpaka. Zamani kati ya Mji Mkongwe na mtaa wa pili palikuwa na mkono wa bahari, na watu walivuka kwa daraja. Ndiyo maana pale panaitwa Darajani, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Maji yalishafukiwa, leo ni barabara na magari, lakini kwenye akili ya mgeni yale maji bado yapo. Ramani aliyopewa inaishia pale, na hamu yake inaishia palepale. Bei inajua hilo. Mama wa mihogo hakuwahi kukaa na von Thünen darasani, lakini alitufundisha nadharia nzima kwa maneno mawili.

Kutokana na hayo, kanuni yangu ni hii: kitanda rahisi hakipo wakati wa tamasha, kipo kitanda unachokilipia kwa kitu kingine badala ya fedha. Vitu vya kulipia ni vitatu.

Muda. Tarehe za matamasha hutangazwa mapema. Anayepiga simu Desemba anaongea na mtu mwenye vyumba kumi vitupu. Anayebisha hodi Februari anaongea na mtu mwenye kimoja.

Umbali. Michenzani, Kikwajuni, Kisiwandui na mitaa ya jirani ni mwendo wa kutembea mchana. Ukisogea hadi Amani au Mwanakwerekwe utapanda daladala.

Raha. Chumba cha watu wanne, choo cha nje, feni badala ya kiyoyozi. Au nyumbani kwa mwanachuo mwenzako wa Unguja. Hapa tuwe wakweli: wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na tamasha ni siku tatu au nne. Nyumba za watu zinafungwa mapema, nawe unataka kurudi muziki ukiisha, saa saba usiku. Ukipokelewa, nenda na mchele na sukari, na rudi kwa saa ya mwenye nyumba, si kwa saa ya jukwaa. Kama huwezi, lala gesti.

Kitu cha nne ambacho watu hulipia bila kujua ni usalama. Hicho mimi nilikilipa, tena kwa kutumia wenzangu. Hicho hakiuzwi.

Kuimarisha maarifa

Tupige hesabu, maana mtu wa Hisabati aliniomba nisiache.

Mwaka wa kwanza, usiku mmoja ndani ya Mji Mkongwe 80,000. Siku mbili Ng'ambo, 40,000 kila siku, 80,000 nyingine. Jumla 160,000 kwa watu watatu, yaani kama 53,333 kila mmoja. Na usiku tulirudi kwa miguu, jambo ambalo sasa nisingelirudia.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena, watatu walewale. Nilipiga simu Desemba, gesti ileile ya Ng'ambo. Siku tatu kwa 40,000 ni 120,000. Tukaongeza teksi ya kuturudisha usiku, 10,000 kwa siku, jumla 30,000. Yote 150,000. Kila mmoja 50,000.

Tofauti ni shilingi 3,333 kwa kichwa. Basi! Nilipoiona nilicheka. Mwaka mzima nilikuwa nikijisimulia kwamba tuliibiwa, kumbe fedha haikuwa hasara kubwa. Hasara ilikuwa usiku ule, mtu analala kwenye jiwe na mwingine ameegemeza kitanda mlangoni. Pia angalia: ningehesabu chumba peke yake, ningesema nimeokoa 40,000. Umbali una gharama yake, uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo, hasa kama mko na wasichana. Teksi ya usiku ni sehemu ya bei ya chumba.

Sasa maswali ya kuuliza kwenye simu kabla hujatuma hata mia. Yaandike, usitegemee kichwa.

1. Bei ni ya chumba au ya mtu? Ni bei ya siku za tamasha, au utaniongezea nikifika?
2. Tuko wavulana na wasichana. Utaratibu wenu ukoje? Gesti nyingine hudai cheti cha ndoa kwa mwanamume na mwanamke. Ni utaratibu wa pale, uheshimu, ila uujue mapema.
3. Mlango una komeo kwa ndani? Usione haya kuuliza. Mwenye komeo atakujibu haraka.
4. Choo ndani au cha pamoja? Maji yanatoka saa zote?
5. Geti linafungwa saa ngapi? Asubuhi tunatoka saa ngapi? Nyingi hutaka chumba kiwe wazi saa nne.
6. Nikighairi, advansi inarudi?

Ukiridhika, tuma advansi ndogo, si pesa yote. Simu ikikuonyesha jina la mpokeaji, lisome kabla ya kubonyeza. Kama si jina ulilotajiwa, simama, piga tena uulize. Kisha omba ujumbe wa maandishi wenye tarehe, idadi ya vyumba na bei. Siku tatu kabla ya safari piga tena, salimia, jikumbushe kwao. Mtu anayekukumbuka kwa sauti ni vigumu kumpa mwingine chumba chako.

Ukifika, ona chumba kabla ya kulipa salio. Funga mlango, fungua, funga tena. Beba kitambulisho, maana utaandikishwa kwenye daftari la wageni. Na ukiongozwa na papasi, kumbuka kwamba huwa anapata chake kutoka kwa mwenye gesti, na chake hicho kimo kwenye bei yako. Si mtu mbaya, yuko kazini. Lakini mkiwa mnajua mnakokwenda, asante na kwaheri vinatosha.

Kanuni hizi hazihusu Unguja tu. Sabasaba Dar es Salaam, Maulidi ya Lamu, hata wiki ya mahafali hapahapa chuoni, wazazi wanapotoka mikoani wakakuta gesti zote za jirani zimejaa. Mama yako atakuja siku yako ya kuhitimu. Usimwambie tutapata tu.

Tafakuri

Kwenye andalio la somo, tafakuri ni pale mwalimu anapojiuliza wapi alikosea. Nilidhani kosa langu lilikuwa kutopiga simu. Siyo. Kosa lilikuwa lile neno. "Tutapata tu" ukilisema peke yako, begi mgongoni, ni ujasiri. Baraza utalala wewe. Ukilisema ukiwa umeshika michango ya watu, unacheza kamari kwa pesa ya vitumbua. Miaka si mingi tutapeleka wanafunzi kwenye ziara za masomo, watoto arobaini na mabegi yao, na wazazi watatuuliza swali hilohilo.

Mwaka wa pili, usiku wa mwisho wa tamasha, tulirudi Ng'ambo saa saba. Mwenzangu wa chumbani alifunga komeo, akalijaribu kwa mkono, akasema, "Haya, mwalimu, lala sasa." Nikalala.

Kazi ya nyumbani: chagua tamasha moja unalolitamani. Tafuta tarehe zake. Piga simu tatu wiki hii, uliza maswali sita, andika majibu. Kisha waonyeshe utakaosafiri nao kabla hujapokea mchango wa mtu.