Mnada Haujafutwa, Umeahirishwa: Mwongozo kwa Waandishi wa Matangazo Wilayani Ruangwa

Mwongozo huu ni kwa makatibu wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao), watunza ghala, watendaji wa vijiji na kata, na makarani wa ofisi za Ruangwa na jirani zetu wa Nachingwea. Unahusu kitenzi kimoja tu, kuahirisha. Hukosewa mno kuandikwa, na hukosewa mahali pabaya: kwenye karatasi inayomwambia mkulima aje au asije.

Tahajia sahihi ni a-hi-ri-sha. Irabu inatangulia, h inafuata. Kinachoandikwa sana ni "hairisha", na chanzo chake ni mdomo. Ukisema "umeahirishwa", e na a zinakutana bila konsonanti katikati. Ulimi unaitafuta ya kuzitenganisha, unaivuta h ya mbele na kuileta nyuma. Mkono nao unaandika ulichosikia. Dawa ni kuandika kwanza shina peke yake, ahirisha, kisha kulivika viambishi: ku-ahirisha, ume-ahirishwa, lita-ahirishwa, hauja-ahirishwa. Katika mbili za mwisho a huja mara mbili na zote zinabaki. "Haujahirishwa" ni kosa jingine la palepale. Asili ya neno ni Kiarabu, na ni ndugu wa akhera, yaani kile kijacho mwishoni. Ndiyo maana katika maandishi ya Zanzibar utakuta "kuakhirisha". Hilo si kosa la kumsahihisha mwenzako, ila kwa barua za ofisi zetu h inatosha.

Mtu atauliza kuna ubaya gani, mbona tunaelewana? Tatizo ni kwamba kipo kitenzi kingine, kughairi, yaani kubadili nia na kuliacha jambo, na wengi hukitamka na kukiandika "kuhairi". Anayesoma "mnada umehairishwa" ana haki ya kuelewa kwamba wenye mnada wameghairi. Sasa mfikirie mkulima wa ufuta ambaye magunia yake bado yako nyumbani. Akiamini mnada haupo tena, hapeleki mzigo ghalani. Mnunuzi wa kangomba, yaani wa nje ya mfumo rasmi, ambaye hahitaji tangazo la mtu, atamfuata hukohuko na bei yake ya siku hiyo.

Huku kwetu ufuta na korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima hukabidhi mzigo kwanza, fedha hufuata baada ya mnada. Kwa hiyo anayesoma tangazo ana maswali mawili: mnada ni lini, na mzigo wangu uko salama? Tangazo la namna hii halimjibu hata moja:

"Wakulima wote mnajulishwa mnada wa ufuta wa kesho umehairishwa. Mtataarifiwa."

Kesho ya lini? Karatasi hiyo itapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na wiki ijayo bado kuna mtu ataipokea na kuisoma kama ya leo. Liandikwe hivi, tarehe kamili zikiwekwa mahali pa nukta:

"Mnada wa ufuta uliopangwa Ijumaa, tarehe ..., saa 4 asubuhi, umeahirishwa hadi Jumatatu, tarehe ..., saa ileile na mahali palepale. Sababu ni ubovu wa barabara baada ya mvua. Ufuta uliokwisha kupokelewa unaendelea kutunzwa ghalani, na stakabadhi zake ni halali. Mapokezi yanaendelea kama kawaida."

Kama siku mpya haijajulikana, taja siku ambayo taarifa itatolewa, kisha itoe siku hiyo hata kama jibu ni "bado". Jina la aliyetia saini na cheo chake visikosekane.

Usitumie kuahirisha kufunikia jambo jingine. Kitu kilichoahirishwa kiko hai, kimesogezwa mbele tu. Kilichokuwa kinaendelea na kikasimamishwa njiani kimesitishwa: mapokezi ghalani yakikatwa mchana kwa sababu mizani imeharibika, mapokezi yamesitishwa. Mnada uliofanyika, kisha matokeo yake yakakataliwa, haukuahirishwa. Matokeo yamebatilishwa, na wakulima wana haki ya kulisikia neno hilo lilivyo. Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI kinahudumia wilaya tatu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na neno likipotoka kwenye karatasi moja huvuka mipaka ya wilaya kabla ya jioni.

Kwenye mihtasari ya vikao napo pana utata. Wengi humaliza kwa "Mwenyekiti aliahirisha kikao saa 9 alasiri" hata pale ajenda zote zilipokwisha. Ajenda zikiisha, kikao kimefungwa. Kinaahirishwa kikibakiza kazi, na muhtasari utaje kitarejea lini. Bungeni desturi ni tofauti kidogo, nako wana sababu. Kila mkutano wa Bunge unapokwisha, Waziri Mkuu hutoa hotuba ya kuliahirisha, kwa kuwa Bunge lenyewe huendelea kuwapo hadi litakapovunjwa kuelekea uchaguzi mkuu. Wana-Ruangwa tuliisikia hotuba hiyo kwa miaka kutoka kwa aliyekuwa mbunge wetu wenyewe, Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi 2025. Tusiichukue desturi ya Dodoma na kuibandika kwenye mkutano mkuu wa AMCOS.

Tangazo lenye kosa likishabandikwa, usikate neno kwa kalamu na kuandika juu yake. Wanakijiji wataona karatasi iliyochezewa. Libandue, bandika jipya lenye maneno "Tangazo hili linachukua nafasi ya lile la tarehe ...", kisha tuma picha yake kwenye makundi yaleyale yaliyopokea la kwanza.