Dondoo muhimu: Mavazi ya usiku wa mugithi, Embu

Anza na miguu. Mugithi, muziki wa Kikuyu wa gitaa, huishia kwenye foleni ndefu ya watu walioshikana viuno au mabega, ikizunguka meza kama gari moshi, na wa nyuma yako hatazami anapokanyaga. Raba au viatu vya ngozi vilivyofunika vidole vinatosha. Ndala hapana; visigino virefu viache kwa harusi.

Sketi ya kubana itakunyima hatua, kwa hiyo chagua suruali au gauni lenye nafasi. Simu iingie mfuko wenye zipu.

Mwezi wa Julai, Embu huwa na baridi na manyunyu. Ndani utatokwa jasho, lakini safari ya bodaboda kurudi mtaani Dallas saa nane za usiku inadai jaketi zito. Vaa fulana nyepesi ndani yake.

Kofia ya koboi? Inakubalika kabisa, ingawa anayekaa nyuma yako angependa kumwona mpiga gitaa. Nguo za madoadoa ya kijeshi usizivae: sheria ya Kenya inawakataza raia.