Kiapo cha Kikundi na Kiapo cha Ndoa



Jioni moja mama mmoja alinifuata baada ya mafundisho ya wakatekumeni hapa Kibera. Ninamfahamu tangu siku alipofunga ndoa. Aliketi kwenye benchi la nyuma, akangoja mpaka watoto wote wametoka, ndipo akaniuliza: "Mwalimu, mtu akila kiapo mbele ya Mungu, anaweza kukiacha asife?"

Nilidhani anauliza juu ya ndoa yake. Kumbe la. Alikuwa anauliza juu ya kikundi cha sala alichojiunga nacho huko Kawangware, miaka miwili iliyopita. Jina la kikundi sitalitaja, wala la kiongozi wake ambaye wanamwita mtume. Ninyi someni habari yenyewe, maana si ya mama huyu peke yake.

Aliingiaje? Mtoto wake wa pili alikuwa mgonjwa kwa miezi mingi, na mumewe alikuwa amepoteza kazi. Kila alfajiri mama alitoka kwenda kukaa kando ya barabara kule Lavington pamoja na wanawake wengine, wakingoja mtu awaite kufua nguo. Wenzake hao wa kungoja kibarua ndio waliomkaribisha. Walimletea unga. Walikesha naye hospitalini. Walimtafutia nyumba mbili za kufulia kila wiki. Sisi wa Jumuiya tulimtembelea mara moja tu, tukasali fumbo moja la rozari, tukanywa chai yake, tukaondoka. Nasema hili kwa aibu kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa waliokunywa ile chai.

Mambo mengine yalikuja polepole. Kwanza kesha la Ijumaa, halafu makesha manne kwa wiki. Kwanza fungu la kumi, halafu "mbegu" juu ya fungu la kumi. Kisha akatakiwa kumweleza mtume siri za nyumbani kwake, hata zile za chumbani. Kisha akaambiwa asilale na mumewe mpaka mume aamini. Kadi ya kliniki ya mtoto ikaitwa ukosefu wa imani. Mwishowe akaapishwa kwamba akitoka, mtoto atakufa.

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Tukijiuliza kama kikundi ni kizuri au kibaya, tusitazame jina lake wala kelele zake. Kibera na Kawangware zimejaa makanisa ya mabati, na wengi wanaosali humo ni majirani zetu wema, wanaolea watoto wao vizuri kuliko baadhi yetu. Tazama jambo moja: mtu akisema "hapana," anafanywa nini? Akiuliza pesa zimekwenda wapi, anajibiwa au anaitwa mwasi? Akitaka kuondoka, anaondoka na marafiki zake na amani yake, au anafuatwa na laana? Na kwetu sisi wenye ndoa kuna swali la zaidi: je, kuna mtu wa tatu anayekaa kati ya mume na mke, anayeamua walale lini, wale nini na wafiche nini?

Wala Mkatoliki asiseme haya ni ya wengine. Kule Kanungu, Uganda, kulikuwa na kikundi kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walitoka kwetu, na pamoja nao alikuwa Dominic Kataribabo aliyekuwa padre. Walianza na rozari na maono ya Bikira Maria. Baadaye wafuasi waliuza mali zao na kuleta fedha kwa kikundi. Mume na mke walitenganishwa. Watu waliacha kuzungumza, wakawa wanaonyeshana kwa ishara za mikono. Waliambiwa dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku hiyo ikapita kama siku nyingine, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba yao ya sala, wakiwamo watoto wengi, na miili mingine ikafukuliwa katika nyumba nyingine za kikundi hicho.

Hapa kwetu Kenya tunayo Shakahola. Paul Mackenzie Nthenge alianza kuhubiri Malindi katika kanisa aliloliita Good News International. Hakuanza kwa kuwaambia watu wafe njaa. Alianza kwa kusema shule ni mbaya, kisha hospitali ni mbaya. Mwaka 2019 alifunga kanisa, na wafuasi wake wakahamia katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Mwezi Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili iliyopatikana ilizidi 400. Mwaka 2024 alishtakiwa katika mahakama za Mombasa na Malindi, akakana mashtaka. Na mwaka 2025 miili mingine ilifukuliwa huko huko Kilifi, mahali paitwapo Kwa Binzaro.

Sisemi kwamba kile kikundi cha Kawangware ni Shakahola. Vikundi vingi havifiki huko kamwe. Lakini ngazi ni ile ile, na anayepanda huona kidato kimoja tu mbele yake.

Sasa turudi kwa swali la mama. Je, kiapo kile kinamfunga? Nilimwomba anipe wiki moja, nikaenda kwa paroko ili nisijibu kwa akili yangu ya sekondari. Jibu limo katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Kanuni ya 1191 inafundisha kwamba nadhiri ni ahadi ya hiari kwa Mungu, juu ya jambo linalowezekana na lililo jema zaidi. Ikitolewa kwa hofu kubwa isiyo ya haki, au kwa udanganyifu, ni batili. Kanuni ya 1200 inasema vivyo hivyo juu ya kiapo kilichotolewa kwa hila, kwa nguvu au kwa hofu kubwa. Maana yake, hakuna kilichofungwa. Mungu hashiki mtoto mgonjwa kama rehani ili mama yake asikose kesha.

Tena mama huyu alikuwa na ahadi nyingine aliyoitoa mapema zaidi, kwa hiari yake, mbele ya padre na mashahidi wawili. Mtakatifu Paulo anawaandikia Wakorinto, katika sura ya 7 ya waraka wa kwanza, kwamba mume na mke wasinyimane isipokuwa kwa kupatana, na kwa muda tu, ili wasali. Na mbele kidogo anamshauri mwenye mume asiyeamini asimwache ikiwa yule anakubali kukaa naye. Mtume wa Kawangware alikuwa amelipindua fundisho hili juu chini, tena akiwa ameshika Biblia mkononi.

Basi atoke? Kwa maoni yangu, ndiyo. Nilimwambia hivyo. Lakini kutoka nako kuna busara yake, kwa sababu chumba anachopanga ni cha mshiriki wa kikundi, na nyumba zile mbili za kufulia alipewa na wao. Anayemwambia mtu kama huyu "toka leo" bila kumuuliza atakula nini kesho hajamsaidia. Tulikaa tukapanga. Asisimame mbele ya kusanyiko kutangaza. Apunguze makesha kwanza ili apate usingizi, kwa maana mtu asiyelala wala kula hawezi kuamua lolote. Kitambulisho chake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi ya kliniki visikae kwa mtu mwingine. Namba ya siri ya M-Pesa aibadilishe. Atafute kibarua kingine na chumba kingine kabla ya kusema neno. Na ampate mtu mmoja wa nje wa kuzungumza naye kila wiki, asiwe wa kumcheka.

Lakini panapokuwa na mtoto anayenyimwa chakula, dawa au shule, hakuna kupanga. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na chifu au polisi waambiwe. Namba 116 hupokea habari za watoto walio hatarini, bila malipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, chakula na matibabu, na kifungu cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Kuhusu mali, sheria ya mwaka 2013 inakataza mume au mke kuuza mali ya ndoa bila kibali cha mwenzake. Sisi wa Kibera wengi hatuna hati, tuna karatasi tu. Hata hivyo, mume anayesikia kwamba chumba chao kinataka kuuzwa ili kiwe "mbegu" aende kwa chifu mapema, asingoje.

Nililazimika kuzungumza na mume pia. Usiku mmoja alikuwa amemfungia mkewe nje, mvua ikinyesha. Nilimweleza kwamba kwa kufanya vile alimsaidia mtume, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba shetani atamtumia mumewe. Akaniambia, "Mwalimu, wewe hujawahi kulala kitanda kimoja na mtu anayeomba Mungu akuvunje." Sikuwa na jibu. Ila nilimsihi asimtukane mtume, asichome vitabu, asipandishe mkono, na mlango uwe wazi hata akirudi saa kumi usiku. Amuulize mambo madogo: umekula? mguu wako haujambo? Mwenzi anayeweza kurudi nyumbani bila kuhukumiwa ana mahali pa kutokea.

Na ikiwa mwenzi hataki kutoka kabisa? Mkae pamoja, mradi hakuna anayeumizwa. Lakini kanuni ya 1153 inatambua kwamba anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili anampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Kifungo cha ndoa kinabaki. Mwone paroko, na kama hatari haingoji, ondoka kwanza na watoto, ndipo umwone.

Mwaka 1986 Vatikano ilitoa taarifa juu ya madhehebu mapya, ikasema kwamba wengi huyafuata kwa sababu wanatafuta mahali pa kuwa wa mtu, pa kutambuliwa na kusaidiwa. Ninapoisoma naikumbuka ile chai.

Mama ameacha kesha la Jumatano, kisha la Jumanne. Nyumba moja ya kufulia ameipoteza. Mtoto amerudi kliniki. Usiku bado anaamka na kumgusa mtoto aone kama anapumua, na sasa mume huamka naye. Jumapili iliyopita aliketi karibu na mlango wa kanisa, akatoka kabla ya matangazo.

Kwa mazungumzo ya nyumbani wiki hii: Je, kuna jambo la ndoa yenu ambalo mtu wa nje analijua na mwenzako halijui? Kama mmoja wenu angetaka kutoka katika kikundi chochote, hata cha parokia, angeogopa kupoteza nini? Na katika Jumuiya yenu, ni nani ameacha kuja, na nani atakwenda kwake kabla ya Jumamosi akiwa amebeba unga?