Uzi wa Njoro katika likizo ya familia

SWALI: Desemba tunakwenda Nakuru na watoto. Mimi hufuma sweta. Je, ni ubinafsi kutenga muda wa kuwatembelea wafumaji wa Njoro?

JIBU: Si ubinafsi, dada yangu, mradi muda huo uwe kwenye ratiba tangu nyumbani. Manung'uniko huja watu wanapovutwa dukani bila taarifa, njaa imeshawashika. Njoro iko kilomita zipatazo 20 tu kutoka mjini Nakuru. Asubuhi mtaangalia vifaru na heroe hifadhini, alasiri mfike Njoro. Huko Kenana Knitters, kikundi kilichoanza mwaka 1998, kina mama husokota sufu kwa mkono, huitia rangi za mimea, kisha hufuma wanasesere wa wanyama. Hapo hoja ya watoto kuchoka inapungua nguvu: twiga waliyemwona porini watamkuta akiota shingo kwenye sindano.

Utaambiwa uzi umejaa Nairobi. Kweli, ila uzi wa kiwandani hufanana bunda kwa bunda. Uliosokotwa kwa mkono una sehemu nene na nyembamba, na ukiupitisha vidoleni utajua mapema sindano ipi itaufaa. Rangi za mimea nazo hubadilika chungu kwa chungu, kwa hiyo nunua uzi wote wa sweta moja kwa mkupuo. Zaidi ya hayo, mfumaji mwenzako atakuonyesha namna ya kuushika uzi huo, jambo ambalo picha haifundishi. Beba kazi uliyoianza; itafungua mazungumzo. Na piga simu kabla hamjaondoka.