Simu ya daktari: lini inatosha, lini ni lazima uonwe

Mtu anatoka Bamba alfajiri, anapanda bodaboda, kisha matatu, anafika mjini saa tatu asubuhi. Dirishani anaambiwa, “Daktari haoni wagonjwa wa kliniki hii leo. Acha namba yako, utapigiwa.” Anarudi nyumbani. Simu inaingia siku ya tatu, yeye yuko shambani ambako mtandao haushiki. Jina lake linawekwa alama ya “hakupatikana”, na safari inaanza upya.

Malalamiko ya namna hii yamekuwa mengi, kwenye mabaraza na hata katika vipindi vya redio ambavyo maafisa wetu hualikwa. Hayahusu kituo kimoja, wala si ya hospitali za umma pekee. Kliniki za kibinafsi nazo zimo. Kwa hivyo ukurasa huu wa elimu ya afya tumeutenga kwa jambo hilo: mashauriano ya simu ni nini hasa, yana manufaa gani, yanakomea wapi, na mkaazi aseme nini anapohitaji kuonana na daktari ana kwa ana.

Simu iliingiaje kliniki

Sheria ya Afya ya 2017 ilikwisha kutambua huduma za afya kwa njia ya kielektroniki kuwa njia halali ya kutoa huduma. Lakini wengi wetu tulianza kuzisikia baada ya Machi 13, 2020, siku ambayo kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini. Wagonjwa wa presha, sukari na pumu waliambiwa wasisongamane hospitalini, na madaktari wakaanza kuwafuatilia kwa simu. Korona ilipopungua, simu ilibaki. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya Dijitali, ambayo imeipa huduma hii msingi mpana zaidi.

Sababu ya simu kubaki si siri: madaktari ni wachache, foleni ni ndefu. Daktari akimaliza kwa simu mambo madogo ya wagonjwa kumi, wale kumi wameepuka nauli, na foleni ya nje imepungua. Huo ni mpango mzuri. Ubaya unaanza pale simu, ambayo ilikusudiwa kuwa mlango wa pili, inapogeuka kuwa mlango wa pekee.

Hata nchi zenye madaktari wengi kutuzidi zimepitia hayo. Uingereza ilihamishia kwa simu sehemu kubwa ya kazi ya madaktari wa familia mwaka 2020. Wagonjwa walilalamika kwamba hawawezi kuonwa, na Mei 2021 uongozi wa huduma ya afya wa England ukaziagiza kliniki zote zihakikishe mgonjwa anaweza kupata miadi ya ana kwa ana.

Kazi ambazo simu inaziweza

Kupewa majibu ya maabara ambayo hayana utata. Kuulizwa unaendeleaje baada ya kubadilishiwa dawa. Kuelezwa namna ya kumeza dawa uliyopewa jana ukasahau maelezo njiani. Kupangiwa tarehe ya kliniki, au kuambiwa mapema kwamba daktari hayupo ili usipoteze nauli. Ushauri nasaha pia, kwa wengine, ni rahisi zaidi kwa simu kuliko kukaa kwenye benchi mbele ya majirani. Kwa mambo hayo, simu ikipigwa, ipokee bila wasiwasi.

Kazi ambazo simu haiziwezi

Hapa ndipo tunapaswa kukaa kidogo.

Anza na homa. Katika kaunti yetu mtu akipata homa, neno la kwanza ni malaria. Lakini malaria haitambuliwi kwa kusikiliza sauti ya mgonjwa. Inahitaji tone la damu, kwa kipimo cha haraka au kwa darubini. Mtu akikuandikia dawa ya malaria kwa simu bila kipimo, huenda unatibiwa ugonjwa usio nao huku nimonia au maambukizi mengine yakiendelea.

Presha nayo haina sauti. Mwenye presha ya 180 kwa 110 anaweza kuzungumza vizuri, akacheka, akakuulizia watoto. “Unajisikiaje?” si kipimo cha presha. Ikiwa wewe ni mgonjwa wa presha na miezi imepita bila mkono wako kufungwa ile mashine, hujafuatiliwa, hata kama umepigiwa simu mara nne.

Mama mjamzito ni vivyo hivyo. Kliniki ya wajawazito ni presha, mkojo, damu, kupimwa tumbo na kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama akutane na mhudumu wa afya angalau mara 8 katika ujauzito mmoja. Simu inaweza kumkumbusha tarehe. Haiwezi kushika nafasi ya mkutano huo.

Uvimbe kwenye titi lazima ushikwe kwa mkono. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji makohozi yapimwe, maana huenda ni kifua kikuu, na kila wiki ya kungoja ni wiki ya kuwaambukiza walio nyumbani. Maumivu ya tumbo hayana maana kamili mpaka tumbo libonyezwe.

Halafu kuna kidonda cha sukari, na hapa naomba kusimulia la nyumbani. Mamangu ana sukari. Kuna kipindi alihudumiwa kwa simu (kituo nakiacha bila jina), na mshika simu nilikuwa mimi. Naulizwa, anakula? Anakula. Anameza dawa? Anameza. Kuna shida yoyote? Namtazama, anatikisa kichwa, nasema hapana. Tulifanya hivyo mara tatu kwa muda wa miezi mitano. Siku alipopata kuonwa, muuguzi alimwambia avue viatu. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda kilichokwisha kuchimba, na yeye hakukihisi, kwa sababu sukari ilikuwa imeua hisia za unyayo. Kilichukua wiki nyingi za kufungwa bandeji kila siku ya pili hadi kikapona. Mamangu hakumdanganya mtu. Ni kwamba hakuna aliyemwambia avue kiatu, nami nikiwamo, ingawa kazi yangu ya kila siku ni kuuliza watu maswali.

Usingoje kupigiwa

Kuna hali ambazo hata ukiwa umeahidiwa simu baada ya nusu saa, hungoji. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kulala asiamke vizuri. Mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa sana na kichwa na kuona ukungu, au ambaye mtoto amepunguza kucheza tumboni. Mtu mzima ambaye uso umepinda upande mmoja, mkono umekosa nguvu au maneno hayaeleweki ghafla. Maumivu ya kifua yanayobana, kushindwa kupumua, kuumwa na nyoka. Nenda kituo kilicho karibu, au piga 999 au 112. Katiba, Ibara ya 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mlangoni usikubali kuambiwa urudi nyumbani ukasubiri simu. Sema wazi kwamba hii ni dharura na utaje dalili.

Namna ya kuzungumza ili uonwe

Wagonjwa wetu wengi ni wapole mno kwenye simu. Daktari anauliza, “Hujambo?” nasi tunajibu, “Sijambo,” kwa sababu ndiyo adabu tuliyofunzwa. Kwa salamu ni sawa. Baada ya salamu, sema ugonjwa.

Kabla ya simu, weka karibu kadi ya kliniki, dawa zenyewe na kalamu. Jua tatizo lilianza lini, limezidi au limepungua, na mara ya mwisho ulipimwa lini. Inapowezekana mgonjwa azungumze mwenyewe, hata kwa maneno machache. Ikiwa Kiswahili cha hospitali kinakupiga chenga na Kigiriama ndicho unachokimudu, sema hivyo mwanzoni. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana kwa lugha anayoielewa.

Huu ni mfano tuliouandaa kwa ajili ya somo hili.

“Shikamoo mama. Ni afisa wa kliniki, napiga kuhusu presha yako. Unaendeleaje?”

“Marahaba mwanangu. Dawa nameza, lakini siku nne sasa kichwa kinaniuma nyuma, na asubuhi naona kizunguzungu. Sijapimwa presha tangu mwezi wa tano.”

“Basi endelea na dawa, tutakupigia tena mwezi ujao.”

“Mwanangu, mwezi ujao ni mbali. Naomba nije nipimwe. Nije lini, na nimuone nani?”

“Kliniki imejaa, mama.”

“Naelewa. Basi niandikie nije zahanati ya karibu nipimwe hapo, na uandike kwenye faili yangu kwamba nimeomba kuonwa. Na nikizidiwa kabla ya siku hiyo, niende wapi? Jina lako nani, mwanangu?”

Mama huyu hakugombana na mtu. Ametaja dalili, ametaja ni lini alipimwa mwisho, ameomba siku na mahali, ametaka ombi lake liandikwe, ameuliza la kufanya akizidiwa, na amepata jina. Yule afisa naye amesaidiwa: akiwa na dalili hizo mbele yake, ana sababu ya kumpa nafasi.

Anza na zahanati, na mhudumu wa mtaani

Wengi wetu tunakwenda moja kwa moja hospitali ya rufaa, na huko ndiko foleni inakofanya simu iwe kimbilio. Kupimwa presha, sukari au malaria hakuhitaji daktari bingwa. Zahanati na vituo vya afya hufanya hivyo, na kwa aliyejisajili na SHA huduma za msingi huko hulipiwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi. Kama hujajisajili, piga *147#. Ukipimwa hapo na matokeo yakawa mabaya, utapewa rufaa, na mgonjwa mwenye barua ya rufaa na vipimo mkononi si rahisi kurudishwa na namba ya simu.

Wahudumu wa afya ya jamii nao walipewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari mradi wao ulipozinduliwa kitaifa Septemba 2023. Mwite aje nyumbani. Akupime, aandike, kisha utakapopigiwa simu na kliniki, usome zile namba. Mashauriano ya simu yenye vipimo ni tofauti kabisa na yale ya “unajisikiaje”.

Asiye na simu, au aliye na mulika mwizi isiyokaa na chaji, aseme hivyo dirishani na aombe tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Unaweza kutoa namba ya jirani, lakini ujue kwamba jirani ndiye atakayepokea habari za ugonjwa wako. Mwambie karani simu ikipigwa mhudumu asiseme lolote zaidi ya kukuita. Na yeyote atakayekupigia akijiita daktari, akadai utume pesa kwanza kwa namba yake binafsi ndipo upangiwe miadi, kata simu ukaulize kituoni.

Ukikataliwa

Anza na msimamizi wa kituo. Mara nyingi jambo huishia hapo, kwa sababu yeye ndiye anayepanga nani anaonwa siku gani. Likimshinda, nenda ofisi ya afya ya kaunti ndogo yako, kisha idara ya afya ya kaunti. Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu jinsi alivyohudumiwa kituoni, lalamiko lake lichunguzwe, na aarifiwe matokeo kwa maandishi katika muda usiozidi miezi mitatu. Usiporidhika, lipo pia dawati la Tume ya Haki ya Utawala, tunayoiita Ombudsman, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ikiwemo hii yetu.

Lalamiko lisilo na tarehe hutusumbua kulifuatilia, na nakiri kwamba mengi hufia hapo. Karatasi moja ya daftari inatosha: tarehe uliyofika au kupigiwa simu, jina la kituo, jina la aliyekuhudumia kama unalijua, ulichoomba, ulichojibiwa, na namba yako. Andika kwa mkono, kwa lugha yoyote. Kabla ya kuikabidhi, ipige picha au uinakili, na umwombe anayeipokea agonge muhuri kwenye nakala yako.