Tusome au Tuache? Kezilahabi na Maswali Yanayotutisha



Somo la leo limetokana na ubishi uliozuka kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Nyamigogo: je, kijana Mkatoliki asome Mzingile ya Euphrase Kezilahabi? Mmoja wetu alikileta hicho kitabu baada ya Misa. Ni chembamba, hata daftari la shule linakizidi. Kikapita mikono mitatu, na wa tatu akakirudisha kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Hii ni kufuru," akasema.

Tumjue kwanza mwandishi. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, Ukerewe, huko huko Kanda ya Ziwa tuliko sisi. Alisoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza. Kwa hiyo mambo ya altare hakuyasikia kwa jirani. Upadri hakuufikia, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye Botswana, na alifariki Januari 2020.

Kupigiwa kelele na wasomaji alikuzoea mapema. Riwaya yake Rosa Mistika (1971) iliwahi kuzuiwa mashuleni, kisha ikarudi kama kitabu cha kiada. Mwaka 1974 akatoa diwani ya Kichomi, na hapo moto ukawaka kweli kweli. Wazee wa ushairi walikuwa wameshika kanuni za vina na mizani, zile ambazo Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandikia kitabu mwaka 1954. Kezilahabi akaandika bila vina wala mizani, kwa lugha ya mtu anayeongea. Wakamwambia hayo si mashairi. Wengine, kama Mulokozi na Kahigi, wakatetea kwamba ushairi unaweza kuvaa nguo nyingine. Mimi binafsi naona waliotetea walikuwa na haki, ingawa bado napenda shairi lenye vina likiimbwa.

Lakini kilichowakwaza wengi si vina tu. Ni giza. Wasomaji walisema huyu mtu amekata tamaa, haoni mwanga popote. Sasa hapo nawaomba mfungue Zaburi ya 88. Isomeni mpaka mwisho. Kumbe inaishia gizani! Hakuna "lakini Bwana ameniokoa" mwishoni. Na Kanisa halikuiondoa. Linaisali kila Ijumaa katika Sala ya Usiku. Mtu anayemlilia Mungu gizani bado anaongea na Mungu.

Tukija kwenye hadithi, ipo moja fupi ya mwaka 1978, "Mayai Waziri wa Maradhi". Waziri mwenye dhamana ya afya za watu anaandamwa na mizimu ya watoto waliokufa kwa kukosa chakula. Kuna wanaouliza, hadithi ya mizimu inatufaa nini sisi Wakristo? Mimi huwa nawakumbusha nabii Natani. Alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza na hotuba. Alimsimulia habari ya tajiri aliyenyang'anya kondoo pekee wa maskini. Daudi akakasirika kabisa, ndipo akaambiwa kwamba tajiri mwenyewe ni yeye (2 Samweli 12). Mkubwa anaweza kuifungia taarifa ya njaa kabatini. Mtoto aliyekufa akija kusimama mbele yake usiku, atamfungia wapi?

Halafu ndiyo Nagona (1990) na Mzingile (1991). Hapa Kezilahabi aliacha kabisa dunia ya kawaida. Katika Nagona, msafiri anaingia mji wa kimya na kuwakuta kina Plato na Sokrate. Katika Mzingile mtu anatumwa kumpelekea Mzee habari kwamba mwanawe amekufa. Jina la Kakulu lililomo humo, sisi watu wa Ziwa sikio letu linadaka mara moja: -kulu, mkubwa, mzee. Wahakiki wengi wamesema Mzee huyo ni Mungu na mwana ni Kristo. Ndiyo maana kitabu kilirudishwa haraka vile.

Nasema wazi: picha hiyo ya Mungu aliye mbali, ambaye habari za mwanawe apelekewe na mjumbe, siyo imani yetu. Sisi tunaungama kwamba Baba alimtoa Mwana, na hakuwa mbali na Msalaba. Wala simpendekezei kitabu hiki mtoto wa Kipaimara. Ila kwa kijana wa miaka ishirini na kitu, swali lile tayari analo. Amelipata akiwa kando ya kaburi, au usiku ambao mgonjwa wake hakupona.

Yupo kijana wa jumuiya yetu aliyemzika mdogo wake mwaka juzi. Aliuliza jumuiyani Mungu alikuwa wapi, akaambiwa asikufuru. Hajarudi tena. Yule aliyeleta Mzingile anasema rafiki yake huyo ndiye aliyempa, kwa maneno haya: "Humu kuna mtu anauliza ninachouliza mimi, na hakuna anayemnyamazisha."

Jamani, hilo limenikosesha usingizi kuliko kitabu chenyewe. Ayubu sura ya 3 analaani siku aliyozaliwa, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wale rafiki zake waliokuwa na majibu yote.

Alhamisi jumuiyani tutasoma Ayubu 3 na Zaburi ya 88. Mzingile nimekiazima, ninacho mimi. Wawili wetu tutapita kwake Jumatano jioni kumkaribisha, na tumekubaliana kwamba siku hiyo atazungumza yeye kwanza.